Kahawa Ikiwa Bado Ua: Ted Stepien na Sheria Iliyobaki na Jina Lake

Februari 2011 nilikuwa bado shule ya msingi hapa Dar es Salaam, na kaka yangu mkubwa ndiye aliyekuwa gazeti letu la mpira wa kikapu. Siku moja akaingia ndani na habari nzito: Hasheem Thabeet amepelekwa timu nyingine. Mtamkumbuka Thabeet, kijana wa Dar, Mtanzania wa kwanza kucheza NBA, aliyechaguliwa wa pili na Memphis Grizzlies Juni 2009, tukashangilia mtaa mzima hata wale wasiojua kikapu kina wachezaji wangapi. Miaka miwili haijatimia, Memphis wakamfungia virago kwenda Houston.

"Wamempeleka pamoja na DeMarre Carroll," kaka akaeleza, "na mwingine mmoja wa raundi ya kwanza. Wao wakampata Shane Battier na Ish Smith."

"Huyo wa raundi ya kwanza anaitwa nani?" nikauliza.

"Hana jina."

Nikadhani ananitania. Akacheka. "Hajulikani bado. Ni mtu atakayechaguliwa miaka ya mbele. Huenda saa hizi yuko sekondari huko, anasubiri kengele ya kutoka."

Swali langu lile la kitoto sijaliacha mpaka leo. Inakuwaje mtu mzima mwenye akili zake auze kitu ambacho hakijawepo? Na akishauza, ni nani anayekuja kulipa? Leo nataka tulizungumze jambo hilo kupitia kisa cha mzee mmoja wa Cleveland, jimbo la Ohio, aliyefanya biashara ya namna hiyo mpaka ligi nzima ikatunga sheria, na sheria yenyewe ikabaki na jina lake. Kama wewe si mpenzi wa kikapu, usikimbie. Kisa hiki kina kahawa ndani yake.

Kwanza tuelewane: drafti

Nikisema drafti simaanishi ile ya vifuniko vya soda tunayocheza vijiweni. Nasema drafti ya Wamarekani, ambayo ni zamu ya kuchagua wachezaji wapya.

Huku kwetu mchezaji akimaliza mkataba anasaini anakotaka, na kwa kawaida mwenye fedha ndiye anayempata. Timu ikivurunda inashuka daraja. Ligi kubwa za Marekani hazina habari ya kushuka daraja. Timu ikiburuza mkia mwaka huu, mwakani utaikuta palepale. Kwa hiyo walihitaji njia nyingine ya kumwinua aliyeanguka, wasije wakabaki na timu mbili tatu zinazoshinda kila mwaka na nyingine zote zikawa wasindikizaji.

Mwaka 1935 Bert Bell, aliyekuwa mmiliki wa Philadelphia Eagles katika ule mpira wao wa helmeti, akapeleka pendekezo kwa wenzake: vijana wanaomaliza vyuo wachaguliwe kwa zamu, na timu iliyofanya vibaya kuliko zote ianze kuchagua. Drafti ya kwanza ikafanyika 1936. Ligi ya kikapu iliyokuja kuwa NBA ikaiga mwaka 1947. Mchezaji mwenyewe haulizwi anataka kwenda wapi, jambo ambalo lina mjadala wake mrefu, lakini tuliache kwa leo.

Sasa angalieni kinachofuata. Zamu ya kuchagua ikishakuwa haki ya timu, inakuwa mali. Na mali huuzwa. Timu inaweza kumwambia mwenzake: nipe mchezaji fulani leo, nami nitakupa zamu yangu ya raundi ya kwanza ya miaka minne ijayo. Kasoro ni kwamba siku ya kuuza, bei ya zamu hiyo haijulikani. Kama mwaka huo utakuwa na timu nzuri, utakuwa umeuza zamu ya mkiani ambayo haina thamani kubwa. Kama utakuwa mbovu, umeuza ya kwanza kabisa, pengine na nyota wa kizazi kizima. Na kwa kawaida anayekimbilia kuuza ya kesho ni yule ambaye leo yuko taabani.

Kwetu Kagera inaitwa butura

Biashara hii mimi niliijua kabla sijaijua NBA. Kwetu Kagera ina jina: butura. Mkulima anauza kahawa ikiwa bado ua mtini, au ikiwa mbichi, kwa bei ya mnunuzi, na anapewa fedha mkononi siku hiyo hiyo. Msimu ukifika, mnunuzi anakuja kuchukua chake. Serikali imeipiga marufuku mara nyingi, viongozi wameihutubia sana, na bado haijaisha. Sababu si ujinga wa mkulima kama wengine mnavyofikiri. Sababu ni kwamba ugonjwa, msiba na ada ya shule havisubiri kahawa iive.

Babu yangu aliuza butura mwishoni mwa miaka ya 1980. Baba alikuwa amechaguliwa kwenda shule ya bweni, mbali, na fedha ya ada na nauli haikuwepo. Babu akauza nusu ya kahawa ya kibanja ikiwa ua. Msimu ulipofika, nusu iliyobaki haikutosha kula nyumba nzima na kumlipia baba mwaka uliofuata. Akauza tena, safari hii yote. Mwaka wa tatu, kwa maelezo ya baba mdogo, walikuwa wanapalilia na kuchuma kahawa ya mtu mwingine ndani ya kibanja chao wenyewe.

Baba mdogo ndiye aliyekuwa akifuata kwenda sekondari. Hakwenda.

Kwa hiyo mimi ninayeandika hapa nimesoma kwa sababu ya butura, na baba mdogo hakusoma kwa sababu ya butura ile ile. Msitarajie basi nimcheke mtu kwa sababu tu ameuza kesho yake. Twende Cleveland tukiwa na hilo kichwani.

Mzee wa mipira kutoka ghorofani

Ted Stepien alikuwa mfanyabiashara wa matangazo aliyefanikiwa, na mwaka 1980 akainunua timu ya Cleveland Cavaliers. Kama unataka kumjua kwa haraka, chukua hili moja. Juni mwaka huo huo, ili kuitangaza timu yake ya softiboli, alipanda juu ya Terminal Tower, jengo la ghorofa 52 katikati ya jiji, akaanza kudondosha mipira ya softiboli, huku chini wachezaji wakisubiri kuidaka. Mmoja ulimvunja mwanamke mmoja kifundo cha mkono. Mingine iligonga magari. Mmoja, kweli, ulidakwa.

Sasa mpe mtu huyo timu ya kikapu. Alikuwa na haraka ya kushinda, na kocha wake, Bill Musselman, alikuwa na haraka kama yeye. Ng'ambo kulikuwa na Dallas Mavericks, timu mpya kabisa iliyokuwa inaanza msimu wake wa kwanza, isiyo na haraka hata kidogo. Dallas walijua kwamba watafungwa sana mwanzoni (na kweli, msimu ule walishinda mechi 15 tu kati ya 82). Walichotaka ni zamu za mbele. Biashara ikaanza.

Septemba 1980 Cleveland walitoa zamu yao ya raundi ya kwanza ya 1984, wakampata Mike Bratz. Bratz alicheza Cleveland msimu mmoja tu.

Mwishoni mwa Oktoba 1980 walimtoa Bill Robinzine pamoja na zamu mbili za raundi ya kwanza, ya 1983 na ya 1986, wakawapata Richard Washington na Jerome Whitehead. Whitehead hakumaliza hata msimu huo akiwa Cleveland.

Februari 1981 walimtoa Chad Kinch na zamu ya 1985, wakampata Geoff Huston.

Hesabu mwenyewe: 1983, 1984, 1985, 1986. Raundi za kwanza nne mfululizo, zote kwa mnunuzi mmoja, zote ndani ya miezi mitano. Hii sasa ni butura ya kibanja kizima. Ligi ilishtuka. Kamishna Larry O'Brien akasimamisha kwa muda biashara za Cleveland, na baadaye ikawa lazima zipate idhini ya ofisi yake kwanza. Fikiria, timu ya watu wazima inaomba ruhusa kama mtoto anayetaka kwenda disko.

Na uwanjani je? Msimu wa 1980/81 Cavaliers walishinda mechi 28. Uliofuata walishinda 15 na kubadilisha makocha wanne. Mmoja wao alikuwa Chuck Daly, aliyesimamia mechi 41, akashinda 9, akafukuzwa. Huyu Daly ndiye aliyekuja kuwapa Detroit ubingwa 1989 na 1990, kisha akaifundisha ile timu ya ndoto ya Marekani kwenye Olimpiki ya Barcelona 1992. Msimu wa 1982/83 Cleveland walishinda 23, na katika uwanja wa kuchukua watu kama 20,000 wastani ulikuwa umeshuka hadi watu wapatao 4,000. Stepien akaanza kuzungumzia kuihamishia timu Toronto, Kanada.

Hakuhama. Mwaka 1983 aliiuza timu kwa ndugu wawili, Gordon na George Gund, kabla ya drafti ya mwaka huo.

Rudia sentensi hiyo taratibu. Zamu ya kwanza kati ya zile nne alizouza ilikuwa ya drafti ya 1983. Maana yake ni kwamba zote nne zilikuja kuiva yeye akiwa ameshaondoka. Hakulipa hata moja.

Tumtendee haki kidogo

Hapa lazima niseme jambo ambalo wasimulizi wengi wa kisa hiki huliruka. Hasara kubwa kuliko zote ya Cleveland katika miaka ile haikuwa ya Stepien.

Februari 1980, kabla hajainunua timu, uongozi uliomtangulia ulimpeleka Butch Lee kwa Los Angeles Lakers pamoja na zamu ya raundi ya kwanza ya 1982, wakampata Don Ford na zamu ya Lakers ya 1980. Kwa zamu hiyo ya 1980 walimchagua Chad Kinch, yule yule aliyekuja kupelekwa Dallas mwaka mmoja baadaye. Ile ya 1982 je? Cleveland walikuwa wabovu sana msimu ule, hivyo zamu yao ikaingia kwenye kurusha sarafu kwa ajili ya namba moja, dhidi ya San Diego Clippers. Lakers, waliokuwa wameishika zamu hiyo, wakashinda sarafu. Yaani mabingwa wa NBA wa 1982, wenye Magic Johnson na Kareem Abdul-Jabbar, wakachagua wa kwanza kabla ya timu zote mbovu za ligi. Wakamchukua James Worthy.

Zile zamu nne zilizokwenda Dallas zikawa watu hawa: Derek Harper mwaka 1983, Sam Perkins 1984, Mjerumani Detlef Schrempf 1985, na Roy Tarpley 1986. Si majina ya kubahatisha hayo.

Mwaka 1988 Lakers na Dallas wakakutana katika fainali ya Kanda ya Magharibi. Zikachezwa mechi zote saba. Upande mmoja Worthy. Upande wa pili Harper, Perkins, Schrempf, na Tarpley, ambaye mwaka huo alipewa tuzo ya mchezaji bora anayetokea benchi. Watu watano katika mfululizo mmoja, wote wamechaguliwa kwa zamu ambazo zamani zilikuwa mali ya Cleveland. Lakers wakapita, wakawafunga Detroit kwenye fainali, na katika mechi ya saba Worthy akapata pointi 36, ribaundi 16 na pasi za mwisho 10. Mimi nikiwa mkazi wa Cleveland ningezima televisheni nikalala.

Sheria yenyewe

Ligi ilifanya mambo mawili. La kwanza lilikuwa la kuwahurumia warithi. Ndugu hawa Gund waliruhusiwa kununua zamu za ziada za raundi ya kwanza kuanzia 1983 hadi 1986, miaka ile ile minne. Ndiyo maana katika drafti ya 1986 utaona kitu cha ajabu: Dallas wanachagua wa 7 kwa zamu iliyotoka Cleveland, na wa 8 ni Cleveland wenyewe kwa zamu ya ziada, wakimchukua Ron Harper. Ni kama serikali kuja kijijini na kumpa mtoto miche mipya kwa sababu baba yake aliuza ya zamani. Wakulima wangapi wanapata bahati hiyo?

La pili ni sheria tunayoiita mpaka leo sheria ya Stepien. Ni fupi. Timu haiwezi kuuza zamu zake za mbele kwa namna ambayo itaifanya ikose zamu ya raundi ya kwanza miaka miwili mfululizo. Ukishatoa ya mwakani, ya mtondogoo lazima ubaki na moja mkononi. Si lazima iwe yako ya asili. Hata uliyoipata kwa mwingine inatosha, ilimradi una zamu. Juu yake kuna nyingine ya miaka saba: huruhusiwi kuuza zamu iliyo mbali kuliko drafti saba zijazo. Kwa hiyo hakuna anayeweza kuuza mpaka zamu za wajukuu.

Nimeipenda sheria hii kwa jambo moja. Haikusema "ni marufuku kuuza kesho". Kama ingesema hivyo ingekuwa kama zile marufuku za butura zisizojua ada ni nini. Timu kweli inaweza kuwa imebakiza mtu mmoja tu iwe bingwa, na kumkatalia ni kumwonea. Sheria imekubali kwamba kuna siku mtu analazimika kuuza msimu. Ilichokataa ni msimu wa pili kufuatia ule wa kwanza, kwa sababu hapo ndipo shimo linapokuwa refu kuliko mkono wa aliyeanguka.

Wajanja hawakosi

Lakini binadamu ni binadamu. Soma sheria tena uone mwanya ulipo. Imekataza miaka inayofuatana. Haijakataza mwaka mmoja ndiyo, mwaka mmoja hapana.

Mwaka 2013 Brooklyn Nets walitaka ubingwa haraka. Mmiliki wao alikuwa tajiri wa Kirusi, Mikhail Prokhorov. Wakawachukua kutoka Boston Celtics Kevin Garnett, aliyekuwa na miaka 37, na Paul Pierce, miaka 35, pamoja na Jason Terry. Malipo yakawa zamu za raundi ya kwanza za 2014, 2016 na 2018. Umeona kuruka huko? Na ile ya 2017 waliyobakiza hapo katikati? Wakawapa Boston haki ya kubadilishana: kama zamu ya Brooklyn itakuwa nzuri kuliko ya Boston, Boston wachukue ile nzuri na kuwaachia ya kwao. Kisheria Brooklyn bado walikuwa na zamu ya 2017. Kivitendo walikuwa na makapi.

Walivuka raundi moja ya mtoano mwaka 2014, basi. Msimu wa 2016/17 walishika mkia wa ligi nzima, ushindi 20 na vipigo 62, na wala hawakuwa na faida ya kuwa wa mwisho, kwa sababu zamu haikuwa yao. Boston walimpata Jaylen Brown kwa zamu ya 2016. Ile ya 2017 ikawa namba moja kabisa, wakaibadilisha na Philadelphia kwa namba tatu na nyongeza ya zamu nyingine, wakamchukua Jayson Tatum. Mwaka 2024 Brown na Tatum waliipa Boston ubingwa. Meneja aliyeshughulikia mpango ule upande wa Brooklyn alishaondolewa 2016, na Prokhorov aliuza timu yote mpaka kufikia 2019.

Umeanza kuona mtindo? Wanaouza hawapo siku ya kuvuna.

Mwaka 2019 Los Angeles Clippers walimchukua Paul George kutoka Oklahoma City. Miongoni mwa walivyotoa ni zamu zao za 2022, 2024 na 2026, na haki ya kubadilishana 2023 na 2025, na kijana mmoja anayeitwa Shai Gilgeous-Alexander. Kwa ile ya 2022 Oklahoma City walimchagua Jalen Williams. Mwaka 2025 hao wawili walikuwa nguzo za timu iliyotwaa ubingwa. Sheria ya Stepien haikuvunjwa hata herufi moja.

Cleveland tena

Na Cleveland wenyewe? Hapa historia imenichekesha. Ile zamu ya Brooklyn ya 2018 haikubaki Boston. Mwaka 2017 Boston waliitumia kumchukua Kyrie Irving kutoka Cleveland, na Cleveland wakamchagua Collin Sexton kwa zamu hiyo. Timu iliyoifundisha dunia hasara ya kuuza kesho ikawa sasa inakula kesho ya mwingine.

Kisha Septemba 2022 wakamtaka Donovan Mitchell wa Utah. Wakamtoa Sexton huyo huyo, Lauri Markkanen, Ochai Agbaji, na zamu za 2025, 2027 na 2029, na haki ya kubadilishana 2026 na 2028. Miaka mitano yote imeguswa, mmoja ndiyo, mmoja nusu, kwa hesabu ya kukwepa sheria iliyotungwa kwa ajili yao!

Je, wamekosea? Tofauti ipo. Msimu wa 2024/25 Cavaliers walishinda mechi 64 na kufungwa 18, kwa hiyo zamu waliyouza ya 2025 ilikuwa karibu na mkia. Waliuza nusu ya shamba wakiwa na mvua. Stepien aliuza shamba lote kiangazi. Lakini 2029 haijafika, na aliyeuza ya 2029 hawezi kukuhakikishia atakuwa ofisini siku hiyo.

Ndipo ninapoona mpaka wa sheria hii. Inaweza kupima miaka. Haiwezi kupima nani anauza na nani atalipa. Mmiliki anauza, anaondoka na fedha zake. Kocha anauza, anapata kazi kwingine. Anayebaki ni shabiki wa Cleveland aliyekwenda uwanjani na wenzake 4,000 katika viti 20,000, na kijana wa miaka 18 atakayeletwa kwenye timu iliyokwisha. Stepien alifariki 2007, na jina lake limebaki kwenye kanuni kama onyo. Nadhani ni adhabu kubwa kuliko kosa, kwa sababu wapo waliofanya kama yeye kwa ujanja zaidi na leo tunawaita wataalamu.

Nilipokuwa naandika haya nilimpigia simu baba mdogo. Shikamoo, marahaba, habari za huko, mvua, migomba. Kisha nikamweleza sheria ya Stepien, kwa kahawa badala ya kikapu: unaruhusiwa kuuza butura mwaka huu, lakini mwaka unaofuata ni lazima ubaki na kahawa yako mwenyewe mtini. Nikamuuliza anaionaje.

Akanyamaza kidogo, nikadhani salio limekata.

"Hiyo ingetosha," akasema. "Mwaka wa kwanza mzee alikuwa sahihi kabisa, baba yako ilikuwa lazima aende shule. Ule wa pili ndio uliokuwa wangu."

Naomba kutoa hoja.